Ada Imelipwa, Nauli Je?

Risala ya malalamiko na madai ya wanafunzi na wahitimu waliosomeshwa na mfuko wa ufadhili, iliyosomwa mbele ya Mgeni Rasmi na Bodi ya Wadhamini, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Wazazi na walezi wetu mliotoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea,
Wanafunzi wenzangu,



Nimepewa kazi ya kusoma risala hii kwa sababu mimi ndiye katibu wetu, na pia kwa sababu nimeshahitimu. Wenzangu walioko chuoni waliona si busara mtu anayesubiri ada ya Oktoba asimame hapa kuwalaumu wanaoilipa. Mimi sina ada ninayoisubiri tena, kwa hiyo nimetumwa.

Nianze na shukrani, na naomba zisichukuliwe kuwa mapambo ya risala. Baba yangu ni mkulima wa korosho. Katika maisha yake hajawahi kushika kwa mkupuo fedha inayotosha ada ya mwaka mmoja wa chuo kikuu. Barua ya mfuko ilipofika nyumbani ilisomwa mara tatu: mara ya kwanza nilisoma mimi, ya pili kaka yangu, na ya tatu aliitwa mwalimu mstaafu wa kijiji, kwa sababu baba alitaka mtu asiye na haja na fedha hiyo athibitishe kwamba si matapeli. Mwalimu alivua miwani akasema, "Ni kweli." Usiku ule kuku wawili walichinjwa. Leo mimi ni mhandisi wa ujenzi, na bila barua ile nisingekuwa. Hilo linabaki hivyo, hata mtakapochukizwa na ninayosema sasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfuko unalipa ada. Haulipi kingine, na hiyo ada huilipa kwa tarehe uliyojipangia wenyewe. Masomo nayo yana tarehe zake. Katika miaka yetu minne tumejifunza kwamba anayetoka chuoni kabla ya wakati mara nyingi hashindwi na ile fedha kubwa iliyoandikwa kwenye barua. Humshinda fedha ndogo iliyokosekana siku yake.

Nieleze jinsi inavyokuwa. Kundi letu tulikuwa kumi na wanne, tukaingia vyuoni mwaka 2019, wengine Dar es Salaam, wengine Dodoma, Morogoro na Mbeya. Vyuo vilifunguliwa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Wazazi waliokaa hapa mbele hawahitaji kuelezwa Oktoba ni mwezi gani kwetu. Ndipo minada inaanza. Korosho zimeokotwa, zimepelekwa chama cha msingi, ziko ghalani na mkulima ana stakabadhi mkononi, lakini stakabadhi hailipi nauli ya basi. Malipo huja baada ya mnada, na yakija yanakuta madeni ya sulfa na ya vibarua yamepanga foleni. Kwa hiyo wiki ile chuo kinapomwita mtoto ndiyo wiki ambayo nyumbani hakuna kitu kabisa. Bodi ya Wadhamini nayo hukutana Desemba, na hundi ya ada hutoka Januari.

Katikati ya Oktoba na Januari kuna mtu. Mtu huyo anatakiwa kujisajili. Mwaka ule bima ya afya ya mwanafunzi ilikuwa Sh 50,400 na ada ya udhibiti ubora Sh 20,000. Jumla Sh 70,400, na hapo hujagusa mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, wala godoro. Mwenye mshahara ataona hiyo ni fedha ya mafuta ya gari ya wiki moja. Kwetu ilikuwa ukuta. Asiyesajiliwa hana kitambulisho, asiye na kitambulisho haazimi kitabu maktaba, na jina lake halimo kwenye orodha ya mhadhiri anayetoa jaribio la kwanza wiki ya nne. Ada ikifika Januari inamkuta mwanafunzi ameshapoteza alama ambazo fedha haiwezi kuzirudisha. Sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, tulizopata mwaka wa kwanza mbegu yake ilikuwa hapo. Katika faili za mfuko, najua, ziliandikwa kama uzembe wa mnufaika.

Mtauliza tuliishije. Tulibebwa. Mwenzako mwenye mkopo wa Serikali anapokea bumu, yaani fedha yake ya kujikimu, mnalala wawili kitanda kimoja geto, anapika wali yeye, unaosha vyombo wewe. Tunawashukuru hadharani wanafunzi wale, wengi wao watoto wa wakulima kama sisi, waliokata kwenye Sh 8,500 zao za siku ili sisi tuliotangazwa kuwa na mfadhili tule.

Na hapa niseme jambo linalotuuma zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake, kwa anayepewa mafungu yote, unatambua mambo sita: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na ada ya mafunzo. Waliokaa wakaandika orodha ile walijua mwanafunzi ana tumbo na ana safari. Tunajua mkopo ni deni. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka limalizike, na wapo kaka na dada zetu waliolilalamikia miaka mingi, hasa kabla ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani kuondolewa mwaka 2021. Lakini mkataba wetu na mfuko huu, kifungu cha saba, unatukataza kuomba mkopo huo. Mfuko unalipa jambo moja kati ya sita, halafu unatufungia mlango wa mengine matano. Hatuamini kwamba wazee walioandika kifungu kile walikusudia hivyo. Nadhani walihofia mtu kulipiwa ada mara mbili. Hofu hiyo inatibika kwa barua moja kutoka mfuko kwenda Bodi ya Mikopo ikieleza kwamba ada tu ndiyo iliyolipwa. Tunadai kifungu hicho kifutwe kabla ya kundi jipya kusaini.

Kisa cha Machi 2020 mnakikumbuka. Vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, tukaambiwa twende nyumbani. Tulikwenda kwa nauli za kukopa. Vikafunguliwa Juni 1. Ada ya muhula ilikuwa imeshalipwa, kwa hiyo katika vitabu vya mfuko hakukuwa na tatizo lolote. Wenzetu wawili hawakurudi. Mmoja alikuwa Dodoma, na kutoka kijijini kwao hadi Dodoma ni safari ya mabasi mawili na usiku mmoja wa kulala stendi. Tulipompigia simu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshapiga hesabu zake, "Nitakuja mnada ukianza." Mnada ni Oktoba. Mitihani ilikuwa inamsubiri katikati ya mwaka. Alipofika alikuta ameshadisko, yaani ameondolewa chuoni, na ada aliyolipiwa haikurudishwa kwa yeyote, si kwake, si kwa mfuko. Fedha nyingi ya wafadhili ilipotea kwa kukosekana nauli ya basi. Leo anauza vipuri vya pikipiki Masasi, na anauza vizuri, alhamdulillahi, lakini hakwenda Dodoma kusomea vipuri.

Wazee wetu, jambo hili si geni Afrika Mashariki. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na wanafunzi 81. Aliyeipigania ni Tom Mboya. Vijana wengi wa safari zile walikuwa wameshapata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani. Walichokosa ni namna ya kufika. Mboya alizunguka Marekani kuomba nauli. Barua za kuchangisha zilitiwa saini na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, watu ambao majina yao yalijaza kumbi na viwanja. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya safari, na safari hizo zikachukua pia vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwemo. Katika kundi la 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo cha masista mjini Atchison, Kansas. Baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Barua ya chuo bila kiti cha ndege isingemtoa kwao. Mboya alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, amezoea kuhesabu senti za watu, na aliona kilichokosekana kabla wataalamu wa elimu hawajakiona.

Narudi kwetu. Wa tatu kukatishwa masomo katika kundi letu alikuwa dada aliyekuwa akisomea ualimu wa sayansi, tena akiongoza darasa lake kwa hesabu. Alipata mimba mwaka wa pili. Chuo kilimruhusu kuahirisha masomo mwaka mmoja, kwa fomu ya ukurasa mmoja. Mfuko ulimfuta siku ileile ulipopata habari, kwa kifungu cha kumi na moja cha mkataba. Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2 unaowaruhusu hata wasichana wa shule za msingi na sekondari kurudi masomoni baada ya kujifungua. Mwanamke mzima wa chuo kikuu bado yuko chini ya kifungu kilichoandikwa kabla ya waraka huo. Baba wa mtoto alikuwa mnufaika wa mfuko huuhuu. Yeye alihitimu, na picha yake imo katika taarifa yenu ya mwaka. Sitasema zaidi, wazazi wapo hapa. Tunadai kifungu kifutwe, na tunadai dada yule aitwe arudi kumaliza. Namba yake ya simu ninayo.

Tulihitimu kumi na mmoja. Hapo ndipo mfuko unapofunga faili, na hapo ndipo ufadhili unapohitaji kutembea hatua chache zaidi.

Ada ya muhula wangu wa mwisho ilichelewa. Nilivaa joho, nilipigwa picha na mama, lakini cheti na transkripti vilibaki ofisini kwa sababu nilikuwa nadaiwa. Miezi minane. Katika miezi ile zilitoka nafasi tatu za wahandisi katika tovuti ya ajira za umma. Mnaozijua ajira za umma mnajua sharti linaloandikwa chini ya kila tangazo: matokeo ya awali na hati za matokeo hazikubaliki, weka cheti. Nilikuwa na shahada ambayo siwezi kuionyesha. Bila cheti hicho pia huwezi kujisajili kama mhandisi mhitimu kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kuanza miaka ile mitatu ya kufanya kazi chini ya msimamizi kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo ada iliyochelewa miezi minane haikunichelewesha miezi minane. Ilisogeza mbele kila kitu kinachofuata. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne, aliyesomeshwa kwa mkopo wenye deni, alishaingia kazini. Mimi niliyesomeshwa bure nilikuwa nyumbani nikibangua korosho na shangazi.

Waliosomea mengine wana milango yao. Mwanasheria hawi wakili mpaka apite Shule ya Sheria, nayo ina ada. Muuguzi anahitaji mtihani wa usajili na leseni. Anayeitwa kwenye usaili ana mchujo wa kuandika, na akipita ana mahojiano siku nyingine; nakala za vyeti zinataka muhuri wa wakili, na muhuri si bure. Mwenzetu mmoja alifaulu mchujo Dodoma, akarudi Newala kwa kuwa hakuwa na pa kulala kusubiri, akaitwa kwenye mahojiano kwa taarifa ya siku nne, akakosa nauli ya pili. Ni ileile nauli. Inatufuata kuanzia siku ya kujisajili hadi mlangoni mwa mwajiri.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mifano ipo. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake wa Tanzania wapite katika mafunzo ya usimamizi baada ya shahada, yaani ufadhili ulianzia pale ambapo wafadhili wengi wanaishia. Serikali yetu, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, imepeleka mikopo hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Anayefadhili akitaka kuona pengo liko wapi, analiona.

Sasa haki itendeke pande zote. Sisi nasi tuna makosa. Wapo waliopokea fedha ya vitabu, mwaka mmoja tu ambao mfuko uliwahi kuitoa, wakanunua simu. Wapo waliopata kazi wakabadilisha namba, na leo tumewatafuta waje kukaa hapa hawakupokea. Wapo waliodanganya kwamba ni yatima, na cheti cha kifo cha baba kilipopelekwa kwa wakala wa usajili wa vifo, RITA, kuhakikiwa, baba akaonekana mnadani. Tulicheka, lakini nafasi ile ingekuwa ya mtoto wa mtu mwingine. Tumekubaliana kwamba kila mhitimu mwenye ajira atachangia mfukoni kila mwezi, kiasi atakachoandika mwenyewe, na orodha ya majina ishirini na sita ya waliokwisha kusaini tumeiambatanisha. Hatujaja mikono mitupu.

Mwenyekiti wa Wadhamini atasema fedha hazitoshi. Jambo hili tulibishana nalo nusu siku nzima, na sikufichi, tuligawanyika. Kama mfuko una uwezo wa kulipa ada tupu ya vijana arobaini, sisi tulio wengi tunasema: chukueni ishirini na tano, muwabebe mpaka wafike. Walipieni usajili, chakula, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na miezi sita baada ya kuhitimu. Wachache wetu walipinga kwa uchungu, kwa sababu wana wadogo zao kwenye foleni ya mwaka huu, na kumwambia mdogo wako kwamba umeomba nafasi zipunguzwe si jambo dogo. Mimi mwenyewe nina mdogo kidato cha sita. Nilipiga kura ya ishirini na tano. Arobaini wanaoanza wanapendeza kwenye taarifa ya mwaka, lakini yule wa Masasi na yule dada mwalimu nao waliwahi kuhesabiwa humo. Taarifa zenu zina picha ya kila kijana siku anapopokea barua. Tunadai kuanzia sasa ziandike pia wangapi walimaliza, wangapi walitoka na kwa nini, na wangapi wako kazini baada ya mwaka mmoja. Sisi tutawapa majina na namba.

Kuhusu tarehe, tunataka kikao cha Desemba kihamie Agosti ili ada ifike vyuoni kabla ya usajili. Kama katiba ya mfuko inazuia, basi sekretarieti ipewe ruhusa ya kutoa fedha ya kuanzia, nauli na usajili, bila kusubiri kikao, na iilipe kwa simu moja kwa moja kwa mwanafunzi. Hundi ya chuo inaweza kufuata. Kuhusu muhula wa mwisho hatuna la kujadiliana: ada hiyo ilipwe ya kwanza kuliko zote, ili asiwepo mhitimu mwingine ambaye cheti chake kinakaa kabatini kwa ofisa wakati tangazo la kazi linafungwa. Wahitimu watatu wa mwaka jana vyeti vyao bado viko huko. Majina yao yako ukurasa wa mwisho.

Na mkataba uandikwe upya kwa Kiswahili. Wazazi wetu walitia vidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Baba yangu alijua kuhusu kifungu cha saba siku niliyomsomea risala hii juzi, akanyamaza kidogo, akauliza kama bado ana haki ya kukataa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyuo vinafunguliwa Oktoba, na leo tuko Agosti. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku ishirini na moja, kwa kupitia ofisi yako. Nakala nne zimeandaliwa: moja yako, moja ya Mwenyekiti, moja ya wazazi, na moja tumebaki nayo.

Naomba kuwasilisha.